Mboga ya Bwawani

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtumishi wa serikali Dodoma alikuwa na mradi nyuma ya nyumba: huyu nguruwe, yule mashine ya kusaga. Flaviana, karani wa masijala, alikuwa na bwawa. Tena bwawa la perege, pale Mkonze, ambako maji ya bomba yalikuja yakijisikia.

Alizaliwa Ukerewe, na kukaa mbali na maji kulimkosesha raha. Kaka yake alimletea mizizi ya mayungiyungi, yale maua ya majini, ndani ya gunia bichi. Aliipanda kwenye makarai ya udongo, akaweka kokoto juu ili samaki wasichimbue, kisha akayazamisha. Ukingoni akapanda mafunjo. Majani yakatanda mpaka maji yakapotea. Ua, halikutoka hata moja.

Mumewe Mazengo, Mgogo wa Gulwe, alivumilia kwa kuwa alimpenda. Lakini matofali ya banda la kuku yalishapangwa uani, na neno lake lilikuwa moja: mvua ya kwanza ikinyesha ua halijachanua, bwawa linafukiwa. Kila asubuhi Flaviana alichungulia majini kabla hajanawa uso, roho ikimuuma.

Oktoba, jua la kupasua kichwa, Mama Lea akaja kumtembelea mwanawe Mazengo. Mkwe huyu hakujua kukaa bure, na Mgogo wa umri wake akiona jani bichi kiangazi, anaona mlenda, mboga yao ya kuteleza. Flaviana aliporudi kazini alikuta majani yameanikwa mkekani, mengine yanachemka jikoni, na perege wamebaki uchi juani.

Alishika ukuta. Kisha akatoa shikamoo, maana mkwe hafokewi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Lea kwa furaha. "Kumbe umelima mboga kiangazi chote hiki, na huyu mume wako hasemi."

Wakala. Ilikuwa chungu, wala haikuteleza. Mama Lea alilaumu karanga alizoungia. Mazengo alitafuna kwa adabu, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokibana, na Flaviana akamchukia mpaka walipomaliza kunawa mikono.

Ila majani yalikuwa yamesongamana kupita kiasi, na sasa jua lilifika chini. Mapya yakachipua, machache, yenye afya. Siku mvua ya kwanza iliponyesha, tumba moja lilikuwa limechomoza juu ya maji, limefumba kabisa.

"Nilisema ua," alisema Mazengo, chepe mkononi. "Hilo ni tumba."

Machozi yalimlenga Flaviana. Mama Lea, aliyekuja na ungo wake kuchuma, akainama akalitazama lile tumba, kisha akaligeukia chepe.

"Mboga ikishaweka tumba haichumwi, inaachiwa mbegu," alisema taratibu. "Wewe umelelewa Gulwe, unaijua njaa. Nani kakufundisha kufukia mbegu?"

Mazengo aliangalia chini. Akaliweka chepe, akaanza kuyahamisha matofali upande wa choo, moja moja.

Flaviana alicheka huku akilia. Alitaka kueleza kuwa mboga ile si mboga, akaona neno lenyewe halina faida kwa mtu yeyote pale uani.

"Mwakani nitakuja kuchukua mbegu nikapande nyumbani," alisema Mama Lea.

"Karibu sana, mama," Flaviana alijibu, akampokea ungo mtupu.