Posa Mbili za Jumapili Moja

Siku Bi Mwatumu alipokwenda kuposa, jua la Malvern, Johannesburg, lilikuwa kali hata fundi mmoja wa Jules Street akakaanga yai juu ya boneti ya gari. Waliolila wapo, na mmoja aliomba chumvi.

Bi Mwatumu mwenyewe, mshona mapazia kutoka Tanga, hakuona yai wala boneti. Alikuwa na sahani ya halua na barua ya posa iliyofungwa kwenye leso nyeupe, yuko ndani ya teksi, safari ya Midrand kwa watu asiowajua. Pembeni yake alikaa Jocelyne, msusi Mkongomani, ambaye siku hiyo ndiye mshenga.

"Mama Mayasa, nikiwaongelesha Kifaransa watanielewa?"

"Ni Wameru wale. Ongea polepole, umtaje Mungu mara nyingi."

Alitania, huku akiifunga upya leso ambayo haikuwa imelegea. Miezi minane nyuma, binti yake Mayasa alimwambia kwamba anampenda Nkatha, msichana wa Kenya afanyaye kazi benki kule Sandton, na kwamba watafunga ndoa. "Sheria ya hapa inaruhusu, mama." Bi Mwatumu akajibu, "Sheria haikukuzaa," akafungua mlango. Mayasa akatoka. Hakurudi.

Mwezi wa kumi, watu wapendao jinsia yao na wanaowaunga mkono waliandamana mjini, kudai waishi bila kupigwa wala kufukuzwa makwao. Jocelyne akamletea picha kwenye simu: Mayasa mbele, bango mkononi, kanga kiunoni. Bi Mwatumu aliitambua ile kanga. Ndiyo aliyombebea mgongoni alipokuwa mchanga. Akasema mwanga wa simu unamuumiza macho, akaenda kunawa uso mara tatu.

Kisha, wiki moja kabla ya Jumapili hii, ukaja ujumbe. "Ndoa yetu ni tarehe ishirini, ofisi ya Mambo ya Ndani. Mashahidi ni wenzetu wa kazini. Nimeona nikujulishe."

Kujulishwa! Kama jirani anayeambiwa maji yatakatika.

"Mwanangu hafungi ndoa kama mtu anayekata leseni ya gari," alimwambia Jocelyne. "Twende tukapose. Wakinikataa wale, basi nimempoteza." Upande wake ndio wa kuposa, aliamua, kwa kuwa Mayasa ni mrefu; na pia kwa kuwa yeye asingeweza kukaa nyumbani akisubiri kuposewa.

Anwani ya wazazi wake huko Midrand aliiacha Nkatha mwenyewe zamani, kikaratasi chini ya mlango. Wakafika getini. Mlinzi akapiga simu ndani, akatikisa kichwa.

"Mzee Moffat na mkewe wametoka tangu asubuhi. Suti, kofia, kila kitu. Wamesema nisimwambie mtu wanakokwenda."

"Wamesikia nakuja," Bi Mwatumu akasema taratibu. "Wamenikimbia."

Wakageuza kurudi. Jocelyne alikula kipande cha halua kwa majonzi, kisha akala cha pili kwa majonzi zaidi.

Walipofika Malvern, mlangoni kwake palikuwa na mzee wa suti, amekalia kreti la soda, jasho likimtiririka. Kando yake mama mwenye kofia ya kanisani alipakata furushi la majani ya mgomba.

"Ni wewe Mama Mayasa?" Mzee akasimama. "Tumekungoja tangu saa nne, tukadhani umetuhepa. Mimi ni Moffat, baba yake Nkatha. Tumekuja kuomba msichana wenu." Akalichukua furushi, akalinyoosha mbele. "Kwetu Meru posa ni miraa. Hapa miraa ni kesi, kwa hivyo tumefunga spinachi. Lakini tumeifunga vile inafaa."

"Yeye alitaka kabeji," mkewe akasema. "Nikamwambia hiyo ni matusi."

Bi Mwatumu akaiinua sahani yake ya halua. "Nyinyi hamwezi kuposa. Mimi ndiye natoka kuposa kwenu!"

"Kwetu wapi?"

"Midrand! Getini!"

"Lakini wetu ndiye mkubwa," Mzee Moffat akalalamika.

"Wetu ndiye mrefu!"

Mama Nkatha akacheka, akaziba mdomo, na kicheko kikageuka kilio humo humo. "Mama Mayasa, sisi tulikaa mwaka mzima bila kumwongelesha mtoto wetu. Mwaka! Tafadhali, usiturudishe."

Bi Mwatumu akalipokea lile furushi kwa mikono miwili, kama apokeaye kitoto kichanga. "Karibuni ndani," akasema. "Mimi nina miezi minane bila wangu."

Akapiga simu kabla hajavua viatu.

"Mama? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Umeposwa."

"Nimeposwa na nani?"

"Na umeposa vilevile. Njoo na Nkatha, wazee wake wako hapa. Na hao mashahidi wenu waambie nafasi zimejaa."

Akasikia pua ikivutwa. "Mama, unataka tuje kweli?"

"Pitieni duka la spaza mchukue maziwa," Bi Mwatumu akasema, akiteremsha vikombe vya wageni. "Wakwe zangu hawanywi chai ya rangi."