Supu ya Kuongezewa

Jirani yangu Lorine anasema nilimmwagia yule kijana wa video supu ya moto kifuani, makusudi, halafu nikacheka. Anasema kijana alipiga nduru mpaka madereva wa malori ya Namanga wakasimama kuangalia. Hiyo hadithi imeshazunguka kila mlango kwa ploti yetu. Jana nikianika nguo, mtu ameniita Ndulu wa Moto. Lorine hakuwa hapo. Lorine alikuwa kazini Nairobi. Mimi ndiye nilikuwa hapo, nimeshika kijiko.

Napika kwa kibanda cha Mama Valerie, nyuma ya yadi ya mawe, hapa Kitengela. Wanaokula kwetu ni watu wa mjengo. Mtu anayebeba mawe tangu asubuhi hawezi kununua nyama kila siku, kwa hivyo ananunua ugali peke yake, na supu ya mifupa anapewa bure. Ikiisha anainua kikombe, hata haongei, mimi naongeza. Kila mtu wa mjengo anajua hivyo. Hata mifupa hatununui. Parsaoti wa bucha anatuletea kwa gunia, anaiweka chini, ananisalimu kwa Kimaasai, "Sopa, Ndulu," namwitikia, "Ipa," na kila siku lazima aseme, "Ya mafundi hiyo. Sitaki waanguke kwa ngazi."

Halafu Timothy akaja. Kazi yake ni kutafuta mahali pazuri pa kula bei rahisi, anapiga video, anaweka kwa simu watu waone. Nilimwona akitoka kule barabarani, viatu vyeupe, akichagua pa kukanyaga kwa huo udongo wetu mweusi. Alikula vizuri, sitadanganya. Alilamba hadi vidole. Kisha akageuza simu na kuanza kupiga kelele: "Wasee wangu! Kitengela hapa, supu ni ya bure! Unaongezewa mpaka ukatae mwenyewe!"

Magari yakaanza kuja. Watu wa zile nyumba zenye geti, na watoto wao, na miwani ya jua. Walinunua nyama, ndiyo, lakini supu waliinywa kama wamefungiwa mwaka mzima. Mama mmoja alinipa chupa ya chai nimjazie apeleke nyumbani.

"Si ni bure?" akaniuliza.

Nilimjazia. Nilikuwa bado navumilia.

Mafundi wakitoka kwa mawe wanakuta sufuria imekauka na mabenchi yamejaa. Wanakula wamesimama, ugali na maji. Nikangoja Mama Valerie aone. Akaona, lakini aliona yake. Alisema kuanzia sasa supu ni ya aliyenunua nyama.

"Hawa wageni ndio watatujengea hoteli, Ndulu."

"Na hawa wanaojenga, Mama?"

"Wewe songa ugali."

Kuna fundi mmoja anaitwa Kyule. Hayo mabati tunayopikia chini yake, yeye ndiye aliyapigilia misumari, na hakutaka malipo. Alisema atalipwa kwa supu. Siku ya kwanza ya hiyo sheria alikula ugali mkavu, akainua kikombe kama kawaida, akakumbuka, akakishusha polepole akikiangalia ndani. Nilikuwa nimekaa karibu na moto na mikono yangu ikawa baridi. Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo.

Alhamisi Timothy akarudi. Alitaka video nyingine, na safari hii alitaka watu wa kawaida waonekane. Aliangalia wageni wenye nguo safi, hakuwapenda. Akamwona Kyule amesimama kando, vumbi la mawe mpaka kwa kope.

"Huyu mzee yuko poa! Mzee wangu, kaa hapa. Inua kikombe, dada akuongezee. Dada, tabasamu basi, ni kama umefiwa!"

Wageni wakacheka. Mama Valerie akaniinamia kwa sikio, lakini yeye hajui kunong'ona.

"Weka kidogo apigwe picha. Akimaliza, rudisha kwa sufuria."

Kurudisha! Kutoka kwa kikombe cha mtu mzima, mbele ya watu.

Kyule alisikia. Si kiziwi. Aliinua kikombe hata hivyo, uso ukiangalia yadi, na mimi nikamjazia. Sikuweka kidogo. Nilijaza mpaka mdomo, na kipande cha uboho nikakitafuta chini ya sufuria nikampatia.

"Imeingia! Safi sana," Timothy akasema, akashusha simu.

Mama Valerie akanyoosha mkono achukue kikombe. Kyule hakukiachilia. Huyu anavuta, yule anavuta, na hapo ndipo supu ilimwagika, kwa viatu vya Timothy. Viatu, Lorine, si kifua.

"Aii! Viatu vyangu jameni!"

Hakuna mtu alichomeka, na mimi sikucheka. Nilitamani kulia, ndio ukweli.

Kyule akapangusa mkono kwa suruali. Kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Akanywa hiyo nusu mara moja, amesimama, kisha akakinyoosha tena kwangu kikiwa kitupu, vile amekuwa akifanya miaka yote. Mafundi wengine nao walikuwa wameshika vikombe vyao.

"Ndulu," Mama Valerie akasema, "mwambie huyu mtu supu imeisha."

Sufuria ilikuwa hapo kando yangu inachemka, kifuniko kinarukaruka. Hata mtoto angesikia.

Nikamshikisha kijiko mkononi.

"Mwambie wewe, Mama. Yuko hapa. Tafadhali, mwangalie kwa macho, umwambie imeisha."

Akamwangalia Kyule. Akaangalia juu, kwa mabati. Supu ilikuwa inadondoka kutoka kwa kile kijiko, inaingia kwa udongo, na sisi wote tunangoja.