Nikumbushe Baadaye

…na kwanza nani kakiita, ndilo swali, kisanduku kimejiweka katikati ya kioo cha kompyuta kama mgeni aliyeingia bila hodi akakalia kiti cha mwenye nyumba, vitufe viwili, Sasisha sasa, Nikumbushe baadaye, na juu yake maneno ya kejeli kwamba kivinjari chako ni cha zamani mno, ukurasa huu hauwezi kufunguka, zamani mno, anaambiwa yeye, mchonga mihuri ambaye bila mkono wake hakuna mtu mji huu anayezaliwa kihalali wala kuzikwa kihalali, maana cheti kisipogongwa muhuri ni karatasi ya kufungia vitumbua tu, na siku ile alipougua homa ya wiki nzima ofisi zote zilisimama, watu waliooana walibaki wachumba, haya, labda si ofisi zote, labda moja, lakini ilisimama, karani wake alikuja hadi kitandani na wino… "Baba Kitinda, umeshafungua?" ni mkewe huyo, yuko kaunta anabandika mpira kwenye mpini, ana gundi mpaka kwenye kiwiko, "Saa yao inakaribia, wanaingia ukumbini sasa hivi," na yeye anajibu, "Kinafunguka, mama, kinajivuta," uongo, hakijivuti popote, kimegoma, na mshale umesimama juu ya Nikumbushe baadaye ambako umezoea kusimama, maana kila asubuhi kisanduku hiki huja, naye hukifukuza kwa kidole kimoja kama nzi, pa, nenda zako, mimi si mtu wa kuamrishwa na kioo, na wateja hucheka, na hapo ndipo siku yake ya kazi huanza vizuri, mtu akishamshinda mtu asubuhi mkono hautetemeki tena, lakini leo ukurasa ule wa kiapo haufunguki bila kusasisha, na ndani ya ukurasa ule yumo binti yake, Kitinda, kitinda mimba, mwisho wa uzazi na mwanzo wa ubishi, leo anaapishwa kuwa wakili, mbali huko, na simu ya mkewe ni ya tochi, haioneshi hata mtu aliyekaa mbele yake… kivinjari, jina gani hilo, yeye hukiita kivunjari, kwa sababu ameona kilivyomvunja jirani wa fotokopi, alisasisha huyo, akajisifu wiki nzima kuwa sasa ni mtu wa kisasa, kumbe kila alichokihifadhi kimekwenda na maji, na mashine yake ya kuchapa tangu hapo inamtazama tu kama mkwe aliyetukanwa, sasa anaitandikia kitambaa na kuwekea chupa ya chai juu, na mashine hii ya kuchongea mihuri nayo hupokea amri kwa kupitia kivinjari hiki hiki kizee, Kitinda mwenyewe ndiye aliyeviunganisha akiwa bado na sare ya shule, "Baba, usiguse hapa, hapa ndipo moyo ulipo," akamfundisha kubonyeza, na yeye akajifanya alikuwa anajua… "Fundi, muhuri wangu wa shule umefikia wapi?" huyo mwalimu mkuu, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi na miwani yake puani, "Unakuja, mwalimu, mpira mzuri haupikwi kwa haraka," na mkewe, "Mwalimu, mwache kwanza, ana kesi na kompyuta," "Nani mshtaki?" "Kompyuta," wanacheka, wacheke, hawajui kilichomo humu ndani, maana kuna jambo moja halijui hata mkewe, yeye shule aliiacha mlangoni ikiwa bado inamwita, na akiandika mkurugenzi mkono wake huandika mkuregenzi, ndivyo unavyomtoka, mkuregenzi, mwenyekitti, na zamani kila alipoandika humu kijimstari chekundu kilikuwa kikitambaa chini ya neno kama siafu, mbele ya wateja, mpaka siku moja vijimstari vikakoma, akadhani amekuwa msomi, akatamba mtaa mzima kuwa hata mashine imenyoosha mikono, kumbe mtoto alikuwa ameingia humu akayaongeza makosa yake yote kwenye kamusi, moja moja, kivinjari kikafundishwa kuwa mkuregenzi ni neno halali, neno la baba, yeye hakuaibishwa tena, na kabla ya kuchonga Kitinda alikuwa akipita kimya kimya akiyarekebisha, bila kusema, bila kukohoa, na hayo aliyagundua pale mtoto alipokwisha kuondoka, ulipotoka muhuri wa kwanza wenye MKUREGENZI umekaa wazi kama jua la saa sita, na mkurugenzi mwenyewe akauliza hili ni kabila gani… sasa akisasisha si kamusi ile itafutika, si vijimstari vitarudi, si ndiyo kusema ile huruma ya mtoto nayo ilikuwa ya zamani mno… na mtoto aliondoka vibaya, tuseme ukweli, yeye alitaka amwachie patasi na meza, mtoto akataka sheria, "Sheria bila muhuri ni nini?" alimuuliza, naye akajibu, "Na muhuri bila sheria, baba? Ni mpira," jibu tamu kiasi kwamba alikasirika kwa sababu hakulisema yeye, na pale mlangoni, begi begani, mtoto akauliza, "Lakini siku ya kiapo utakuja?" naye bila kuinua macho kwenye kazi, "Ikifika utanikumbusha," akakumbusha, akakumbusha tena, kila mara yeye alikuwa na kazi ya watu, na juzi ujumbe umekuja kwenye simu ya tochi, mkewe kausoma kwa sauti huku akiepa macho yake, mwambie baba simkumbushi tena, nimeshamkumbusha, anwani ya ukurasa ni hii… "Wameanza!" mkewe tena, mdogo wake aliye ukumbini amepiga, "Wanaitwa kwa herufi, baba watoto, wako kwenye A!" naye macho yake yamekwama kwenye kitufe, na kwa kuwa mchonga mihuri huzoea kusoma kinyume, maana muhuri huchongwa mgongo mbele ili ugonge uso, na yeye kinyume husoma haraka kuliko mwalimu mkuu anavyosoma sawasawa, hilo analiwekea dau mbele ya mtu yeyote, macho yanaanzia mkiani, eyadaab, ehsubmuk, yanarudi polepole mpaka kwenye kichwa cha neno na kusimama hapo, Ni, ni nini hiki, Ni, Ni-kumbushe, Ni ya nani hii, kisanduku hakijisemei, kinasema kwa mdomo wake yeye, nikumbushe mimi, tafadhali, baadaye, baba yangu we, kumbe kila asubuhi alipodhani anakifukuza alikuwa anakipigia magoti, kumbe wateja walipocheka yeye alikuwa anaomba, yeye, ambaye hajawahi kumwomba mtu hata moto wa sigara, na kile kitufe kingine, Sasisha, kina Ni? hakina, hakiombi, hakimlilii mtu, ni neno limevaa viatu linangoja mwenye nalo, na lina sasa mara mbili, kwenye mzizi na kwenye mkia, sasisha sasa, sasa hivi ndipo wapo kwenye A, labda B, na mashine ikifa ife, patasi ipo droo ya chini, imekula mihuri kabla kioo hiki hakijazaliwa, na vijimstari vikirudi virudi, vijae siafu kioo kizima, mkuregenzi ni neno, limo kwenye kamusi ya wakili, nani atalipinga mahakamani, na muhuri wa wakili huyo atauchonga nani kama si yeye, kwa mkono, na jina lake hilo hatalikosea, jina hilo alilitoa mwenyewe, analijua kwa mbele na kwa nyuma… "Fundi, basi niambie niende nirudi," mwalimu mkuu anainuka kwenye benchi, "Huu wangu lini?" na yeye, kwa mazoea ya ulimi, "Wako, mwalimu, wewe utanikum…" na neno likamkwama kooni kama mfupa, mkewe akageuka na gundi yake mkononi, mwalimu akangoja, kisanduku kikangoja pale pale katikati ya kioo na vitufe vyake viwili, hakuna kilichobadilika ila mshale, ambao umeanza kutambaa kando, kuelekea Sasisha sasa, na yeye akameza lile neno lote, mkia kwanza, akasema, "Kaa, mwalimu. Leta benchi hapa mbele ya kioo. Hakuna cha kunikumbusha."