Wiki ya Zamu ya Bi Květa

Siku ya Mtakatifu Stefano, kesho yake Noeli, saa nne kasoro robo asubuhi, Květa Součková alishuka Praha kutoka kwenye treni ya Pardubice, mji alikohamia. Alikuwa na binti yake Zdena, mkwe wake Radim, mjukuu wake Apolena, na mkoba wenye vipande vinane vya nyama ya kukaanga vilivyobanwa kwenye mkate. Familia nyingi huja Praha siku hiyo kutazama mapango ya Noeli makanisani, na zote huja na nyama ya kukaanga. Chini kabisa ya mkoba, ndani ya taulo la jikoni, kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Hicho Květa hakumwambia mtu.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Daraja la Karlo lilijaa watu tangu sanamu ya mtakatifu wa kwanza hadi wa mwisho, lakini theluji iliyokuwa chini yao ilitulia kama shuka lililopigwa pasi. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kwa msimu wa baridi wa tano sasa, theluji ya darajani na ya mtaa wa Malá Strana, ng'ambo ya mto, ilikuwa ikipokea nyayo za wakazi tu. Wapitaji walipita. Wafagiaji walikuwa wamehamishiwa kwingine, na kila asubuhi mwanamke mmoja wa gazeti alizunguka na daftari akihesabu nyayo ni za watu wangapi. Mwaka uliotangulia walikuwa ishirini na mmoja. Mwaka huu walikuwa kumi na wanne.

Apolena, mwenye miaka tisa, aligeuka nyuma.

"Bibi, hata wewe huna nyayo."

"Hivi ni viatu vya mama yako," Květa alisema. "Theluji haivijui."

"Mama, kubali tu," alisema Radim. "Siku hizi wewe ni mgeni kama sisi. Nikupige picha na mtakatifu huyu?"

"Mpige yeye peke yake. Miaka yote hii amesimama kwa adabu kuliko wewe."

Zdena alimkanyaga mumewe mguu.

Květa alikuwa akitania, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya mto. Ng'ambo ile aliishi miaka hamsini na mmoja. Alimzaa Zdena pale, na jeneza la mumewe lilitokea pale. Kisha mmiliki mpya wa nyumba alikata maji ili atengeneze mabomba, akayatengeneza kwa miezi kumi na minne, wapangaji wakahama mmoja baada ya mwingine. Sasa ilikuwa imepita miaka tisa. Květa alitaka kujua jambo moja kabla hajafa: kama mtaa ule bado unamjua.

Kanisani, Apolena alipokuwa akihesabu kondoo wa pangoni, Květa alipiga goti. Hakuomba nyumba. Nyumba alikwisha kuiomba, na Mungu ana sababu zake. Aliomba unyayo mmoja, hata wa kushoto.

Walipofika mtaani kwake, mlango wa nyumba ulikuwa uleule wa kijani. Pale palipokuwa na kengele na majina ya watu, sasa palikuwa na visanduku saba vya chuma, vya kubonyezwa namba ili vitoe funguo kwa wageni wa kupanga siku chache. Jina lilibaki moja. Na theluji ya mtaa mzima ilikuwa na nyayo za mtu mmoja: wa kulia ulizama, wa kushoto uliburuzwa.

"Havránek," alisema Květa. "Nyonga yake hiyo."

Bwana Havránek, jirani yake wa ghorofa ya tatu, alitoka na ndoo ya majivu. Umri wake ulikuwa miaka themanini na sita.

"Bi Součková," alisema, kama mtu aliyeagana naye jana. "Nyumba imeharibika. Tangu uondoke hakuna utaratibu. Kibao kilipotea."

Katika nyumba ile, kibao kiliandikwa neno ZAMU. Kilining'inizwa kwenye kitasa cha mwenye wiki yake, naye akafagia ngazi, na wakati wa baridi akamwaga majivu mbele ya nyumba ili watu wasiteleze. Wiki ikiisha, alikihamishia mlango wa pili. Květa alihama katikati ya wiki yake. Katika kufungasha, kibao kilichanganyika na vifuniko vya sufuria, naye alipokiona, aibu ilimzuia kukirudisha. Huku nyuma majirani waligombana juu ya zamu, wakanuniana, na kuta zilipobomolewa tena kwa ajili ya mabomba hapakuwa na wawili wa kwenda kulalamika pamoja.

Alikitoa kwenye taulo.

"Nilikichukua mimi," alisema. "Kwa bahati mbaya. Kisha nikakaa nacho, si kwa bahati mbaya."

Havránek alikitazama pande zote mbili.

"Nilimshuku Bi Tichá. Sijamsalimu miaka yote hiyo."

"Bado yupo hapa?"

"Yuko makaburini. Itabidi niende nikamsalimu." Akamnyooshea ndoo. "Haya. Kanuni unaijua. Zamu haiishi mpaka kibao kining'inie mlango wa pili. Una wiki yako hapa, inakungoja."

Květa alikaza kitambaa chake kichwani, akatia mkono ndooni. Alimwaga majivu kama alivyomwaga siku zote, kuanzia kizingitini kwenda kwenye kona, mkono mpana, mgongo ukiuelekea upepo. Apolena alichukua koleo dogo la ndooni, akamfuata akimwaga naye. Walipokaribia kona, mtoto alisimama.

"Bibi, tazama nyuma."

Nyuma yao kulikuwa na nyayo za viatu vya Zdena, kisigino na vidole, safi kabisa. Kando yake zilikuwepo nyingine ndogo. Květa alizitazama, akamaliza majivu yaliyobaki ndooni.

Radim aliomba ndoo, akatembea nayo hatua kumi, akageuka. Hakuona kitu.

"Umebeba," Havránek alimwambia. "Hukumwaga."

Wageni wawili walitoka na masanduku ya magurudumu, wakatabasamu, wakapita juu ya majivu bila kuteleza na bila kuacha alama.

Kisha Květa alipanda ngazi kukabidhi kibao. Kila ghorofa alikuta vitasa visivyo na mwenyewe. Alirudi chini.

"Usinitazame mimi," alisema Havránek. "Nyonga hii!"

"Basi nifanye nini?"

"Basi wiki inaendelea. Majivu ndiyo shida. Nyumba nzima ina jiko moja tu la kuni, langu."

Walivuka daraja kurudi, mistari miwili ya nyayo ikiwafuata katikati ya maelfu ya watu.

Jumamosi redio ilitangaza kuwa wenye nyayo sasa ni kumi na sita. Bwana mmoja aliyehojiwa alisema hiyo ni dalili kwamba wakazi wanarudi wenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kugusa suala la nyumba. Květa alisikiliza mpaka mwisho. Alifanya ishara ya msalaba, akafungua jiko lake, akaanza kuchekecha majivu ya kupeleka Praha. Treni ya Alhamisi ingeondoka saa mbili asubuhi, na Apolena alikwisha kuomba mfuko wake mwenyewe wa majivu.