Boriti ya Upande wa Jikoni

Orie Gingerich aliinunua nyumba ya baba yake kutoka kwa daktari wa meno. Daktari huyo, mtu wa Cleveland, aliinunua kwa kaka yake Orie wakati kaka alipohamia jimbo la New York kutafuta shamba pana zaidi, akakaa nayo miaka minne bila kulala humo hata siku moja. Alipokuwa akimtembeza mnunuzi alimwonyesha vigingi vya nguo ukutani na ndoano ya taa darini, akamweleza jinsi Waamishi, Wakristo wa desturi za kale wanaotumia farasi badala ya magari, wanavyoishi bila umeme. Orie alitikisa kichwa kukubali. Hakuona haja ya kumwambia kwamba yeye alizaliwa mle, kwenye chumba cha juu cha mashariki.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na tisa kati ya hiyo alikuwa ametengwa na kanisa. Hakuondoka kwa ajili ya mwanamke wala pombe, ingawa watu walipenda kusema hivyo. Alipenda umeme. Alibatizwa, akala kiapo mbele ya wazee, na miaka miwili baadaye akaenda Canton kujifunza kazi ya nyaya. Kijana ambaye hajabatizwa akiondoka, ameondoka tu. Aliyebatizwa akiondoka, wa kwao hawali naye meza moja wala hawapokei kitu kutoka mkononi mwake. Orie alikuwa akiijua sheria hiyo kabla ya kuivunja, kwa hiyo hakupata kuilalamikia.

Aprili alianza ukarabati pamoja na Duane Petrosky, fundi mwenzake wa miaka mingi, mtu wa maneno.

"Yaani umezaliwa humu," Duane alimwuliza siku ya kwanza, "halafu huwezi kunionyesha choo kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa nje, nyuma ya banda la kuku."

"Na theluji ikianguka?"

"Unakimbia."

Walibandua tabaka tatu za zulia la plastiki jikoni, wakakuta mbao za mepo zikiwa nzima. Walitoboa kuta na kupitisha nyaya. Siku ya kwanza mkono wa Orie ulisita kidogo kila alipoweka keekee kwenye ukuta wa baba yake. Siku ya pili ikawa kazi kama kazi nyingine.

Mwezi wa Mei ndipo walipoigundua boriti. Ile ya chini kabisa, inayolala juu ya mawe ya msingi na kubeba ukuta mzima wa jikoni, ilikuwa imeoza. Bomba la sinki lilikuwa limevuja miaka na miaka pasipo mtu kujua. Orie alichoma kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini.

Waliinua upande ule wa nyumba kwa jeki nne ili waitoe. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, udongo ukalainika, na asubuhi ya Jumanne jeki moja ikateleza. Pembe ya nyumba ikashuka shibiri nzima, bomba la moshi la jiko likaporomokea uani, na gogo walilokuwa wameliegesha likaangukia mguu wa kushoto wa Orie.

"Usiangalie," Duane alimwambia.

"Mguu upo?"

"Upo. Ila umepotea njia."

Hospitali walimtia vyuma na kumkataza kukanyaga kwa wiki nane. Orie akalala kwa Duane huko Wooster, mguu juu ya mto, akiwapigia simu makandarasi. Wote walimwambia wangepata nafasi baada ya kiangazi. Duane mwenyewe mgongo wake haukuwa wa kubeba boriti. Nyumba ilikuwa imesimama juu ya jeki tatu, na mvua nyingine ilikuwa njiani.

Jumatatu iliyofuata Duane alimpeleka akaangalie hali ilivyo. Walipoingia njia ya shamba walikuta magari ya farasi kumi na manne yamepangwa kando ya uzio. Wanaume wenye kofia za majani walikuwa wamelizunguka jiko, boriti mpya ya mwaloni ikiwa imelala tayari kwenye nyasi. Aliyekuwa akitoa amri ni Atlee Mast, mume wa Saloma, dada yake Orie. Hao wawili walikuwa hawajahama; shamba lao lilikuwa ng'ambo ya kilima.

Orie alijikokota kwa magongo mpaka pale.

"Shemeji, nani kawaita?"

"Ukuta. Unaonekana toka barabarani."

"Mnajua ni wangu?"

"Wilaya nzima inajua." Atlee alikuwa akipima kwa rula, hakuinua macho. "Kukusaidia hatujakatazwa, Orie. Tumekatazwa kusaidiwa na wewe."

"Kwa hiyo mimi nikae tu?"

"Una mguu mmoja. Ulitaka kwenda wapi?"

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama. Kabla ya saa tano boriti iliyooza ilikuwa imetolewa kwa vipande, na mpya imeingia mahali pake bila mtu kupandisha sauti. Duane alizungukazunguka akitafuta mtu wa kumtania, akaishia kushika kamba.

Saa sita wanawake walitandika meza jikoni. Saloma ndiye aliyezipanga. Aliweka meza ndefu, na pembeni yake meza ndogo, akaacha kati ya hizo mbili nafasi ya upana wa kidole, kisha akafunika zote kwa kitambaa kimoja. Mgeni asingeona kitu. Orie aliona, akaenda kuketi kwenye meza ndogo bila kuambiwa. Duane akamfuata.

Saloma akamwekea sahani ya tambi na nyama ya nguruwe. Walikuwa hawajaonana tangu mazishi ya mama yao, miaka kumi na mmoja.

"Umekonda," alisema.

"Nimezeeka."

"Hilo nalo."

Katikati ya chakula mtu mmoja wa meza ndefu aliomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele ya Orie. Akaichukua, akanyoosha mkono, na vijiko vyote vikatulia. Yule mtu akakodolea sahani yake. Orie akaishusha chumvi juu ya kitambaa, pale palipokuwa na ule upenyo, akarudisha mkono wake pajani. Atlee akaiokota, akampa aliyeomba. Vijiko vikaendelea.

"Mimi nimekosa nini hapa?" Duane alinong'ona.

"Kula," Orie alimwambia.

Wakati wa kufunga vifaa, Atlee aliyachungulia matundu ya nyaya ambayo Orie alikuwa ameyatoboa kwenye mihimili ya sakafu.

"Umetoboa katikati. Wengi hutoboa pembeni, mbao ikapasuka." Akakunja rula yake. "Askofu kasema nikuambie mlango uko wazi. Upige magoti, ukiri, yaishe."

"Na nyaya?"

"Utazing'oa."

"Nimekusikia, shemeji."

Hakusema hivyo kumwondoa tu. Alilifikiria jambo lile wiki nzima ya kwanza akiwa amelala, na wiki ya pili pia. Alijiona akipiga magoti, na hilo halikumtisha. Alijiona akila meza ndefu. Kisha alijaribu kujiona akivuta nyaya kutoka ukutani, moja baada ya nyingine, na hapo picha ikakataa kuja. Agosti, mguu ulipoanza kukubali uzito, alimaliza kuziunganisha, mkaguzi akapita, akawasha. Alimtumia Atlee barua fupi ya shukrani. Hakupata jibu, na hakuwa amelitarajia.

Septemba Saloma alikuja peke yake na kikapu. Mpeasi uliokuwa mteremkoni, nyuma ya nyumba, ulikuwa umezaa sana, na Orie hakuwa na nguvu ya kupanda.

"Chuma unavyotaka," alimwambia toka barazani.

"Nitachuma. Wewe usiniletee."

"Najua."

Alichuma kwa muda mrefu. Alipopumzika alikaa kwenye ngazi za baraza, akimpa Orie mgongo, akamweleza habari za nyuki wake na za binti yake aliyeolewa Indiana. Aliuliza kama mguu unauma baridi ikiingia. Kisha akanyanyua kikapu, akafungua farasi, akaondoka kupitia njia ya juu.

Orie akarudi ndani. Vigae vya bafuni vilikuwa vimefika nusu ya ukuta, na saruji aliyokuwa ameichanganya ilikuwa imeanza kukauka. Akaongeza maji, akaendelea.