Chumvi Ndani ya Video ya Husna

Husna, bibi yangu wa ndoa, alikuwa anauzisha ndagala, samaki ndogo za ziwa, hapa muji wa Baraka. Bureau ya mradi mumoja ikaleta application ya kuuzisha bitu ku telefone, ikatafuta mama mwenye sauti ya muzuri afundishe bateja ba Uvira na Bukavu namna ya kuagiza. Bakamuchagua yeye. Ile video haionyeshe sura ya mutu. Telefone inanasa tu kioo yake: unaona mafungu ya ndagala, unasikia Husna, na pale kidole yake inagusa kunatokea alama nyeupe ya muviringo. "Finya hapa. Chagua kilo. Sasa finya hapa."

Katikati mimi nikapiga simu. Jina yangu, Mahmudu, ikajaa ku kioo, ikafunika samaki yote. Alama nyeupe ikanikata. Halafu akacheka.

"Mutuhurumie, bateja. Huyu ni bwana yangu. Hakika anatafuta chumvi, na chumvi iko mbele ya macho yake."

Ni kweli, nilikuwa natafuta chumvi.

Bureau ikamwambia arudilie. Akakataa, akasema amechoka, na ndagala yake iko juani. Video ikatoka hivyo. Batu bakaipenda, na ku soko bakanipa jina: Muzee Chumvi.

Mwaka uliofuata mimba yake ikaharibika tukiwa Mboko kwa dada yake. Daraja ya barabara ya kwenda hospitali ya Baraka ilianguka tangu mvua ya kwanza. Bakubwa ba serikali balikuja kuipiga picha, bakarudi kuipiga ingine. Kuitengeneza, hapana. Husna akatoka damu mpaka akafa pale kando ya maji, uso wake ukiangalia upande wa Baraka. Sitabasamehe.

Telefone yangu, yenye ile video, nayo ikaibiwa. Nikaenda bureau kuomba ile video. Chef yao, Patrice, akaniketisha vizuri.

"Iko pale pale ku page yetu, papa. Mama anaendelea kututumikia."

Akaiwasha. Nikasikia sauti yake. "Chagua kilo." Alama nyeupe ikaruka palepale mpaka mahali pa kulipa.

"Na mimi niko wapi?"

"Wapi nini, papa?"

"Nilipiga simu humu ndani. Akacheka."

"Ah, ile. Tuliikata. Bakubwa yetu balisema inachafua kazi."

"Kile kipande mulikitia wapi?"

"Tulifuta. Hatukuona kama kuna mutu atakitafuta."

"Daraja inabashinda ninyi, lakini kukata mutu munaweza."

"Papa, daraja si kazi yetu."

"Haikuwa kazi ya mutu hata mumoja."

Akaniuliza kama nataka ile iliyobaki. Nikatoka.

Ku soko nikapita mbele ya Zubeda, anauzishaka chumvi.

"Karibu, Muzee Chumvi. Leo umeiona mwenyewe?"

"Zubeda, ile maneno ya Husna unaikumbuka?"

Akaacha kupima. "Yote."

"Sema."

Akasema pole pole, toka "mutuhurumie" mpaka "macho yake". Hakukosa hata neno. Kucheka njo kulimushinda. Alijaribu, akaona uso wangu, akaacha. Na sauti ilikuwa ya Zubeda.

Nikamwambia anipimie chumvi. Ku nyumba chumvi ingine bado iko.