Utepe Mwekundu Njiani

Waongozaji wenzake walimbandika jina la Redio, na jina likamkaa. Katika hifadhi nzima ya msitu ule hapakuwa na ndege ambaye hakuweza kumwiga kwa koo lake tupu. Aliweza hata kuguna kama sokwe aliyekuta mti wenye matunda, na wageni waliotoka mbali kuja kuona wanyama walimpigia makofi yeye kabla ya kumwona sokwe mwenyewe. Redio alijifanya hajali. Ukweli ni kwamba kichwa kilimvimba.

Msimu wa kutaga, lakini, Redio ilibidi izimwe. Hayo walikubaliana wote. Kulikuwa na mwongozaji mmoja, mama wa makamo asiyependa mchezo kazini, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta viota. Akikiona kiota, alifunga utepe mwekundu kwenye mti ulio kando ya njia. Utepe ule ulikuwa na maana moja tu: hapa funga mdomo. Ndege anayeatamia akisikia sauti ya ndege wa aina yake karibu, hudhani amevamiwa, naye huyaacha mayai akaenda kupigana. Walimwita Bi Utepe, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika.

Basi mama yake Redio akaja kutembea. Presha ya macho ilikuwa inamla taratibu, na daktari alishamwita Redio pembeni akamwambia kinachopotea hakirudi. Kwa miaka mingi, kila alipopiga simu nyumbani, Redio alimsimulia mama yake habari za shorobo, ndege wa kijani ambaye mabawa yake huwa mekundu kama moto akiruka, na akitua tu wekundu wote unajificha.

"Kabla sijafungiwa mlango, mwanangu," mama alisema, "nionyeshe huyo ndege wako."

Walitoka asubuhi, mama kavaa buti za mkwewe zilizompwaya. Redio alimshika mkono kwenye mizizi na kwenye matope. Walikuta mbega juu ya njia, familia nzima, mikia myeupe ikining'inia.

"Wale pale, mama."

"Eh, wazuri kweli," mama alisema, uso ameuelekeza kule matawi yalikotikisika mara ya mwisho. Mbega walikuwa wameshahama mti. Redio aliliona hilo, akaamua hajaliona.

Shorobo hakutokea. Walingoja, wakasogea, wakangoja tena, mpaka mama akaegemea mti akihema.

"Basi turudi, baba. Si riziki yangu."

Maneno hayo yalimchoma Redio kuliko kama angelalamika. Mti ambao mama alikuwa ameuegemea ulikuwa na utepe. Redio aliuona vizuri kabisa, hata fundo aliliona. Akatazama njia mbele, akatazama nyuma, kama mwizi wa kuku. Kisha akaita.

Hakuita hata mara mbili. Shorobo alijibu kwa hasira, akachomoka majanini, na mwenzake nyuma yake, mabawa yakafunguka juu ya vichwa vyao, mekundu, mekundu!

"Yule pale, mama! Juu yako! Umeona mabawa?"

"Nimemwona!" Mama aliachia mti akapiga makofi, machozi yakimtoka. "Jamani, nimemwona!"

Redio naye nusura alie. Ndipo, juu ya bega la mama, akaona kima ameketi kwenye panda ya mti, kando ya kirundo cha vijiti, kiota chenyewe, anapeleka mkono mdomoni. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kurusha hata kijiti. Lakini mama angeuliza kuna nini, na furaha ile ingekwisha hapo hapo. Akamwacha kima ale, akamshika mama mkono, wakarudi.

Kesho yake Bi Utepe aliingia ofisini na matope yake yote, akakaa bila kuvua koti.

"Wameyala. Yote mawili."

"Nani?" Redio aliuliza, na aibu ya hilo swali ikampanda mpaka masikioni.

"Kima. Na kosa ni langu. Kima si wajinga, wameshajua kwamba palipo na utepe pana mayai. Nimekuwa nikiwatundikia bendera, karibuni mezani!" Alicheka kicheko kibaya. "Naenda kuzitoa tepe zote."

"Labda si utepe," Redio alisema ndani ya kikombe chake cha chai.

"Ni nini basi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Redio alikoroga chai isiyo na sukari.

"Sijui."

Bi Utepe akachukua kisu akatoka. Redio hakuweza kuimalizia ile chai. Alijichukia. Alienda nyumbani, akamkuta mama jikoni amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwa vidole, na kabla hajaulizwa akamwaga yote: utepe, kima, mayai, na yule mama wa watu anayejilaumu bure.

Mama aliweka ungo chini.

"Mwanangu, mimi sikuona kitu."

"Mama, ulisema umemwona. Ulipiga makofi!"

"Sauti yako ilikuwa imepanda juu, kama siku zile unaniletea matokeo ya mtihani. Ningekwambia nini? Hata hao mbega sikuwaona. Mwanga tu, na kijani." Akapapasa mpaka akampata goti. "Nilifurahi kweli lakini, sikukudanganya hapo. Ni ile sauti. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikitoka kooni mwako. Nipigie tena kidogo, hapa hapa."

Jikoni mle hapakuwa na kiota. Angeweza kumwitia pale siku ya kwanza, mama amekaa, chai mkononi. Angeweza kumwitia kwenye simu, miaka yote hiyo. Redio alifungua mdomo, akakumbuka kisu cha Bi Utepe, akaufunga.

"Nisamehe, mama," alisema, akainuka akarudi msituni, mbio.

Alimkuta Bi Utepe kwenye ule ule mti, furushi la tepe kwapani, kisu kimeshagusa fundo.

"Usikate. Si kima walioujua utepe. Ni mimi. Nilimwita shorobo, ili mama yangu amwone kabla macho hayajaisha."

Alingoja kutukanwa, na angeshukuru. Bi Utepe alishusha kisu. Alikuwa akimfahamu mama yake Redio, walisalimiana getini, alijua habari ya macho yake. Uso wake ukalegea kidogo.

"Haya," alisema kwa sauti ya chini. "Basi angalau mama alimwona?"

Neno rahisi lilikuwa limeshafika ulimini, na Bi Utepe mwenyewe alikuwa analisubiri.

"Hapana," Redio alisema. "Hakumwona."

Bi Utepe alirudisha kisu mfukoni. Alimwekea furushi la tepe mikononi, azirudishe mwenyewe, akampita, akashika njia ya kurudi.